Kiwanja miguu 25 kwa 30 Chanika milioni 9, ninunue au niendelee kupanga Tabata?

mpangaji_sugu

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana mimi na mama watoto tumeshaanza kununiana kwa ajili ya hili jambo.

Nimepanga Tabata mwaka wa 8 huu, vyumba viwili na sebule, nilianza na laki mbili saivi nalipa laki mbili na nusu kwa mwezi, kodi ya miezi sita sita. Wiki iliyopita mwenye nyumba kanipigia anasema mkataba mpya ni laki tatu na anataka ya mwaka mzima, yaani milioni 3 na laki 6 mkononi, na choo ni kile kile kinachovuja toka nimehamia. Mama watoto akasema basi imetosha, hela hiyo tukanunue kiwanja hata kama tutakaa kwenye banda la mabati.

Nina milioni 14, nimejichanga miaka mitano, vikoba, bonasi za kazini na kagari nilikouza. Dalali katupeleka Chanika, unaenda mbele uelekeo wa Zingiziwa, ukishuka kwenye lami unapanda bodaboda kama dakika 15. Kiwanja miguu 25 kwa 30, milioni 9. Pazuri kwakweli, pamepoa, udongo mweusi, migomba ya jirani imestawi mpaka waifu akaanza kupiga picha, na kuna watu wawili watatu wameshajenga. Wauzaji ni ndugu watatu, shamba waliachiwa na baba yao. Karatasi zinaandikiwa serikali ya mtaa, mwenyekiti anagonga muhuri. Hakijapimwa ila dalali anasema urasimishaji, yaani serikali kupima na watu kupata hati, unakuja mwakani na treni ya SGR inasimama hapo Pugu kwaiyo bei zitapaa muda sio mrefu.

Alafu kuna kampuni inauza viwanja Mapinga kule njia ya Bagamoyo, wanasema vimepimwa, mita mraba 400 kwa milioni 8, unalipa kidogo kidogo ndani ya mwaka. Ila naona kadogo, na kazini kwangu ni Kariakoo.

Ninunue Chanika? Niende Mapinga? Au nilipe tu hiyo kodi ya mwaka nikae kimya? Wenye uzoefu karibuni, wa matusi pitieni kushoto.

babu_wa_kimara

Dogo umejijibu mwenyewe alafu unatuuliza sisi. Udongo mweusi, migomba imestawi, pamepoa. Hapo ni bondeni.

Uliangalia kama kuna magimbi? Migomba peke yake naweza nikaivumilia lakini ukiona magimbi au matete jua hapo maji ndo mwenyeji na wewe ndo mgeni. Rudi tena bila dalali, tena uende mvua ikiwa imepiga siku mbili mfululizo. Angalia kuta za hao waliojenga, chini usawa wa goti, kama kuna mstari wa udongo na rangi imebabuka basi maji yanafika hapo, huhitaji mtaalamu akwambie. Angalia na misingi yao. Mtu hawezi kupandisha kozi nane za msingi eti kwa sababu anapenda ngazi.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Cha kwangu cha pili nilinunua mwezi wa tisa, vumbi tupu, mpaka nikajisifia kwa watu. Mwezi wa nne mke wangu ananipigia niko kazini ananiambia ndoo zinaelea jikoni. Nikaanza kumwaga kifusi. Lori 31. Kila lori likishusha jirani wa chini anatoka nje anasimama ananiangalia tu, hasemi kitu, kwa sababu maji yaliyokuwa yanalala kwangu sasa yanaenda kulala kwake. Hela ya kifusi ilipita hela ya kiwanja na hapo sijaweka nondo hata moja.

Na usidhani mafuriko ni mambo ya Jangwani tu. Mto Msimbazi unaanzia huko huko vilima vya Pugu na Kisarawe unapoenda kununua. Watu wa mabondeni waliosombwa na mvua za Desemba 2011 serikali ikawapeleka Mabwepande, Desemba 2015 zikaja iksi nyekundu za bomoabomoa na magreda Msimbazi. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kingo za mto usijenge. Huyo mwenyekiti wako muhuri anao, futi kamba ya kupima mita 60 hana.

dalali_halali

Babu unatuharibia biashara. Sio kila migomba ni bonde, Bukoba migomba iko mlimani.

Bosi kama Chanika imekukalia vibaya mimi ninavyo Mvuti, pamenyooka, gari inafika mpaka mlangoni, miguu 20 kwa 20 milioni 4 maongezi yapo. Na niseme tu ukweli watu mnatutukana madalali lakini hakuna mtu humu aliyepata chumba au kiwanja Dar bila dalali. Mwenye shamba hajui bei wala hajui mteja alipo, sisi ndo tunazunguka na jua. Cha juu tunachoweka ni jasho letu.

bikoni

Mimi ni mpima ardhi, niko kwenye hizi kazi miaka 14, nitaandika ndefu kidogo mnivumilie.

Mpangaji kitu cha kwanza hiyo "miguu". Wengi mnasikia miguu 25 kwa 30 kichwani mnaweka mita 25 kwa 30. Miguu ni hatua, dalali anatembea anahesabu moja mbili tatu. Mtu akitembea kawaida hatua yake inacheza kwenye sentimita 75 hivi, na dalali anayejua kazi yake anakuwa na hatua mbili, ndefu akinunua, fupi akiuza. Tuchukue hizo 75. Miguu 25 ni mita 18 na robo tatu, miguu 30 ni mita 22 na nusu. Zidisha, unapata mita mraba 420 na kidogo. Sasa hiyo ya Mapinga unayoiita kadogo ni 400! Kwaiyo Chanika unalipa kama elfu 21 kwa mita mraba, hakijapimwa, Mapinga elfu 20 na wanasema kimepimwa. Wakati mwingine nenda na futi kamba yako mwenyewe, hata ile ya fundi ya mita 30 mkaishika wewe na mkeo, dalali asiiguse.

Cha pili, urasimishaji unaoambiwa unakuja. Ni kitu kizuri sipingi, wengi wamepata hati kwa njia hiyo. Ila urasimishaji ukija unakuja na barabara, na barabara haishuki toka mbinguni, inakatwa kwenye viwanja vyenu. Hapo kwenu saivi najua kuna kichochoro cha kupita bodaboda. Mkichora barabara ya kupita gari la zimamoto, kila mtu anarudi nyuma mita kadhaa. Ukipoteza mita 3 upande wa mbele unabaki na kama 366. Na kama umejenga ukuta hapo mbele, ndo ugomvi unapoanzia, nimeshakimbizwa na panga kwa ajili ya mita moja na nusu.

Cha tatu, neno "kimepimwa". Bikoni, zile alama za mipaka, kuwepo ardhini haimaanishi upimaji umekamilika. Bikoni ni zege na nondo, hata mimi naweza kuja kukuchomekea sebuleni. Waulize namba ya kitalu na namba ya kiwanja, waombe ramani ya upimaji iliyosajiliwa na mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, alafu nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, yaani kuangalia kwenye kumbukumbu zao nani mmiliki, wewe mwenyewe, sio wakuletee wao karatasi ya upekuzi. Makampuni mengi yananunua shamba la heka kadhaa, hati mama inasema kilimo, wanakata vipande wanauza kama makazi kabla hawajabadilisha matumizi. Wewe unamaliza kulipa mwaka mzima unakaa unasubiri hati inakuwa "iko wizarani" mpaka mtoto anamaliza la saba. Sisemi hiyo ya Mapinga iko hivyo, nasema kaulize.

Na mwisho hiki ndo kimenishtua kuliko vyote. Umesema shamba waliachiwa na baba yao na wauzaji ni ndugu watatu. Nani msimamizi wa mirathi? Kuachiwa na baba sio umiliki. Lazima mmoja awe na barua ya usimamizi toka mahakamani, wengi wanafungulia Mahakama ya Mwanzo, na fomu ya maombi inataja warithi. Wakikuonyesha hiyo barua waombe na hiyo fomu uhesabu majina. Mama yao yuko hai? Kuna dada? Kwa uzoefu wangu ndugu wakija watatu kuuza shamba kuna wa nne hajaambiwa.

mama_wawili

Naona wanaume mmepima mpaka hatua za dalali hakuna aliyeongelea kuishi huko. Mimi naishi huko pembezoni mwaka wa sita, sio Chanika lakini maisha ni hayo hayo, ngoja nimwambie shemeji na mkewe asome.

Tulihamia boma halijapigwa lipu, madirisha tumeziba na mabati, mlango mmoja tu ndo wa kweli. Raha yake nisikufiche, ile siku ya kwanza nimelala nikasema leo hakuna mtu atanigongea asubuhi kuniambia umemwaga maji uani. Hiyo amani hainunuliki na namuelewa sana mkeo.

Lakini. Saa kumi alfajiri niko macho. Ndala nazivaa kutoka nyumbani mpaka stendi kwa sababu ya tope, pale kwa Mangi namwachia ndala dukani navaa viatu vya kazini, jioni nazikuta. Mvua ikinyesha Mangi anakuwa na ndala za mtaa mzima zimepangwa chini ya benchi, kila mtu anajua zake. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao Temeke mwaka wa kwanza kwa ajili ya shule, nikawa nawaona wikiendi, hicho kitu kiliniuma na sikukipigia hesabu wakati tunanunua. Maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, chai haitamaniki, ya kunywa tunanunua boza majirani tunachangia. Umeme tulikaa mwaka na nusu na sola ya taa tatu mpaka nguzo zikafika mtaa wetu.

Ushauri wangu msihamie kwenye banda la mabati. Jengeni kwanza vyumba viwili vya uani vyenye choo cha maana, pigeni lipu ndani hata kama nje mtaacha, wekeni tanki, ndo mhame. Na waifu asiache kazi mjini eti atafungua fremu huko, kila nyumba huko ina fremu na mteja hakuna.

mhasibu_mstaafu

Tufanye hesabu ya haraka. Milioni 14 toa 9, toa ya mwanasheria wa kusimamia mauziano, toa nauli na "soda" za watu wa mtaa (na ile asilimia 10 wanayodai wakiandika karatasi, waulize kifungu cha sheria na risiti uone watakavyobadilisha mada). Unabaki na 4 na ushee. Kwa bei za simenti na nondo za saivi hiyo inaishia kwenye msingi na kozi chache. Alafu bado utakuwa unalipa ile kodi ya Tabata kwa sababu msingi haulaliki. Kwaiyo swali lako la kununua au kupanga lina kosa, utafanya vyote viwili kwa wakati mmoja, miaka mitatu minne hivi.

Mimi ningekaa na mwenye nyumba kiume, mpe ya miezi sita kwa hiyo laki tatu kwa sharti la kurekebisha choo, iandikwe kwenye mkataba. Miaka 8 unalipa bila usumbufu, hataki kukupoteza huyo, anakutishia tu. Na mkumbushe kodi ya jengo toka 2021 inakatwa kwenye luku, kwaiyo ni wewe mpangaji unayemlipia kila ukinunua umeme. Milioni 12 na ushee iliyobaki weka kwenye mfuko wa uwekezaji, tafuta kiwanja taratibu bila presha ya dalali wala ya waifu.

babu_wa_kimara

Mhasibu umenena ila hilo la "taratibu" ndo linatuponza. Mwaka 2002 ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulipoanza, Tuangoma, Kibada, Bunju, Mwanagati, Buyuni, watu walituambia mbona mnaenda porini mtaliwa na fisi. Nikasema nasubiri taratibu. Saivi napita Kibada nageuza shingo upande mwingine, hasa toka daraja la Kigamboni lifunguliwe 2016. Kwaiyo dogo nunua, mimi sikukatazi kununua, nakukataza kununua bwawa.

Na mihuri isikutie moyo sana. Huku kwetu 2017 zilivyosafishwa zile mita 121.5 za hifadhi ya barabara kila upande wa barabara ya Morogoro watu walikuwa na mafaili, mihuri, risiti za umeme na maji, kila kitu. Nyumba ya ghorofa moja ya jirani yangu ilienda kwa asubuhi moja, yeye amekaa kwenye kochi barabarani anaangalia.

dalali_halali

Sasa hapo mnamtisha tu mwenzenu. Atazeeka Tabata.

mpangaji_sugu

Wakuu nashukuruni sana, hasa bikoni na mama_wawili, waifu kasoma yote, ile ya ndala kwa Mangi kacheka alafu akanyamaza muda mrefu. Naleta mrejesho.

Jumamosi nilienda peke yangu. Nilibeba futi kamba, nikamlipa dogo wa bodaboda anishikie upande wa pili. Mbele mita 18, kwenda ndani 21 na kitu. Yaani hata hizo 420 za bikoni hazifiki. Nikapita kwa jirani mmoja mmama amekaa anachambua mchicha, nikamuuliza mama hapa mvua zikinyesha inakuwaje, akaniangalia kwanza akaniuliza "wewe ndo unanunua?" nikamwambia naangalia tu. Akaninyooshea kidole kwenye ukuta wake. Mstari upo, sio goti, ni juu kidogo ya goti.

Nikampigia dalali nikamwambia naomba kuona barua ya msimamizi wa mirathi. Akasema hayo mambo ya kizungu huku hayapo, huku watu wanaaminiana. Nikamwambia basi sina haraka. Baada ya dakika kumi akanitumia meseji, kwa ajili yangu wameshusha mpaka milioni 7. Sikujibu. Usiku ikawa 6 na nusu.

Jana niko kazini inaingia namba ngeni, sauti ya mwanamke, mtu mzima. Samahani kaka, nasikia wewe ndo unataka kununua shamba letu la Chanika, namba yako kanipa mdogo wangu wa mwisho. Mimi ni dada yao mkubwa niko Tanga. Wamekuuzia shilingi ngapi?

Nikamwambia sijanunua dada, ila walisema milioni tisa.

Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Alafu akasema, "sisi wametuambia nne."

bikoni

Wa nne huyo.

mpangaji_sugu

Wa tano mkuu. Kuna mwingine yuko Oman.

babu_wa_kimara

Na magimbi?

mpangaji_sugu

Yapo babu. Nyuma ya migomba.